Nilivyowatambua komba wa Amani kwa milio yao

Komba wadogo wa Usambara Mashariki wanafanana mno. Ukiwamulika kwa kurunzi unaona macho yanayong'aa, manyoya ya kahawia na mkia, basi. Kinachowatenganisha ni mlio. Kila aina ina wito wake, na wataalamu walioainisha komba wadogo wa pwani na milima ya Tanzania waliutegemea sana wito huo. Ndiyo sababu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, nilitumia kinasa sauti badala ya kurunzi. Kibali cha hifadhi hutangulia. Usifunge chochote mtini bila hicho.

Kifaa changu kilikuwa AudioMoth, kinachoenea kiganjani, chenye betri tatu za AA na kadi ya kumbukumbu. Nilikipanga kichukue sampuli 48,000 kwa sekunde. Masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) ya juu kabisa yanayoweza kunaswa ni nusu ya idadi hiyo, yaani kilohezi (kHz) 24, na sikio la mtu huishia kHz 20, kwa hiyo miito ya komba tunayoisikia inapata nafasi ya kutosha. Popo wanataka zaidi: sampuli 384,000, na kadi hujaa mara nane haraka.

Kurekodi kulianza saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, dakika 10 kazi, dakika 5 mapumziko. Dakika moja ya sauti hula MB 5.76, hivyo usiku mmoja ni kama GB 2.8, na kadi ya GB 32 inabeba usiku 11. Usipunguze saa za magharibi na za alfajiri, maana hapo ndipo komba wengi huita.

Nilichagua mti mwembamba, usiozidi unene wa paja, kwa kuwa shina nene huzuia sauti ya upande wa pili. Kifaa kilikaa urefu wa mita 2 hivi, maikrofoni ikitazama mahali pa wazi. Majani yote yanayoweza kukigusa niliyaondoa kwa mkono. Jani moja likipepea huharibu usiku mzima. Kaa mbali na maji. Karibu na mto Sigi, au hata kijito kidogo, utarudi na mvumo wa maji na kelele za vyura. Amani ina unyevu mwingi, kwa hiyo ndani ya kasha weka vijipakiti vya kunyonya unyevu, na kagua kama kuna wadudu chungu kila unapobadilisha kadi, kwani hupenda kujificha humo.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni saa. Kifaa kiliandika majina ya faili kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, Tanzania iko saa tatu mbele, na sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Mlinzi wa msitu akikwambia komba alilia saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, simu itasema 02:00 ya Jumanne, lakini UTC ni 23:00 ya Jumatatu. Faili itakuwa na tarehe ya Jumatatu. Nilipoteza muda mwingi nikitafuta sauti katika tarehe isiyo yake. Sasa daftari langu lina safu tatu: saa ya Kiswahili, saa ya simu, UTC. Na kila unapotoa betri, panga saa upya kabla ya kufunga kasha.

Faili nilizifungua kwa Audacity, programu ya bure, na kuzitazama kama spektrogramu: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu. Nyenje huonekana kama mkanda mnene usiokatika, hasa magharibi. Usiwafute, rekodi asilia ibaki ilivyo, uchujaji ufanye kwenye nakala.

Komba mkubwa wa Garnett analia kama mtoto mchanga, humkosei. Perere, ambaye si komba bali jamii ya pimbi, ila hukoroma na kupiga kelele usiku huohuo, humkanganya mgeni mwanzoni. Kwa wale wadogo, hesabu silabi na namna zinavyopangana. Wito wa komba wa pwani ya Kenya, anayefika hadi Tanga, huongeza silabi kadiri unavyoendelea. Komba wa Rondo, ambaye yupo pia msitu wa Zaraninge upande wa Bagamoyo, silabi zake huja mbilimbili.

Usiamue kwa wembamba wa sauti peke yake. Umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka desibeli 6, na majani humeza masafa ya juu kwanza. Mnyama aliye mbali atasikika mzito kuliko alivyo, na aina mbili tofauti zinaweza kufanana. Mpangilio wa silabi ndio unaosalimika zaidi. Mlio hafifu nauandika «komba, aina haijulikani» na kuuacha hivyo.

Naomba pia tusiwachezee komba rekodi za miito ili wajibu. Kwa mnyama anayelinda eneo lake, sauti hiyo ni mvamizi. Ataacha kula aje kumtafuta. Kifaa kilichofungwa mtini kinasikiliza bila kumwondoa mahali pake, na usiku 11 unatosha kumsikia akiita kwa hiari yake.