Sauti ya Sita

Mwaka 2020 kumbi zilipofungwa, kazi zangu za muziki jukwaani zilikatika ghafla. Mwanzo tulikula akiba. Baadaye tukaanza kumkopa shemeji, na kodi ya nyumba ikarundikana mpaka mwenye nyumba akaacha kupiga simu, akawa anakuja mwenyewe. Mke wangu hakuniambia hata siku moja kwamba niuze vyombo vya muziki. Alinyamaza tu, akawa anafagia sebule kwa kuzunguka ampu, lile sanduku la kukuza sauti ya gitaa, na ule ufagio ulisema kuliko mdomo.

Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika kila kilichokuwa changu: gitaa la Stratocaster, gitaa la besi la Jazz Bass lililochubuka, kinanda cha Roland Juno-106, kinanda cha Yamaha DX7, ampu ya Fender Twin Reverb, pedali moja ya Tube Screamer ya kukanyaga ili gitaa liunguruma na maikrofoni za SM58. Asiyepiga muziki akiiona orodha hiyo atakwambia uza cha ghali, umalize kazi. Hesabu haiendi hivyo. Cha ghali mara nyingi ni cha zamani, hakitengenezwi tena, na bei yake inapanda kila ukigeuka. Ukishakitoa hukirudishi. Cha bei rahisi nacho hakigusi deni, halafu siku simu ya kazi ikilia unajikuta huna kipaza sauti. SM58 imekuwa sokoni tangu 1966 na bado inatengenezwa, ningeweza kuuza zangu asubuhi na kununua nyingine wakati wowote, lakini pesa yake isingemfanya mwenye nyumba hata akae kwenye kiti. Nikazifuta kwenye orodha. Pedali nayo nikaifuta.

Nilianza na DX7, kwa moyo mkunjufu kabisa. Kilipotoka mwaka 1983 kinanda hicho kilibadilisha sauti ya muziki wa dunia nzima. Ndani yake kuna ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa kuunda sauti kwa kuyafanya mawimbi yatikisane yenyewe kwa yenyewe. Zile kengele na piano za umeme za nyimbo za mapenzi za miaka ya themanini, nyingi zimetoka humo. Tatizo ni kwamba viliuzwa vingi mno, na siku hizi kuna programu ya bure iitwayo Dexed inayotoa sauti zile zile kwenye kompyuta. Nilitangaza. Mmoja aliuliza kama ninakigawa bure. Mwingine alitaka kubadilishana na baiskeli. Nilichokuwa tayari kuachana nacho hakikuwa na mnunuzi.

Basi zikabaki nne: Stratocaster, besi, Juno na Twin.

Kwenye karatasi, gitaa ndilo lilistahili kwenda. Halikuwa la zamani, lilitengenezwa Meksiko, na mengine ya aina yake yamejaa madukani. Lakini karatasi haina mkono. Shingo ya gitaa lile nilikuwa nimeilainisha kwa kiganja changu, rangi imetoka nyuma ya freti ya tano hadi ya saba, vile vyuma vinavyoikata shingo, na swichi yake ya kuchagua pikapu, yaani sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, nilikuwa naihamisha bila kuiangalia. Stratocaster za mwanzo, za mwaka 1954, swichi yake ilikuwa na vituo vitatu tu, na wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati ili wapate ile sauti ya puani ya pikapu mbili kwa pamoja. Kiwanda kilikuja kuweka vituo vitano rasmi mwaka 1977. Mimi nilikuwa naishi kwenye kituo cha nne. Ningenunua jingine, ndiyo, na ningelilaumu mpaka leo.

Juno ndiyo ilininyima usingizi. Ni ya mwaka 1984, inatoa noti sita tu kwa wakati mmoja, kila noti kwa sauti yake, na ukiwasha ile korasi yake, kitufe kinachonenepesha mlio, chumba kinaonekana kikubwa. Kila mgeni aliyeingia nyumbani aliitaka. Mpiga ngoma wetu, aliyekuwa ameshauza matoazi yake, alinipigia simu kunionya: "Kaka, uza figo, Juno usiuze."

Sasa, ndani ya Juno-106 kila sauti ina chipu yake ndogo iliyofunikwa utomvu mgumu mweusi. Utomvu ule ukizeeka huanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na chipu inakufa taratibu: kwanza inakwaruza, halafu inalia yenyewe, mwisho inanyamaza. Yangu moja ilikuwa imeanza kukwaruza. Ukibonyeza noti ile ile mfululizo, kinanda kinaizungusha kazi kutoka sauti hii hadi ile, tano safi, ya sita inatoka na mchakacho. Katika wimbo hakuna anayegundua. Mimi nilikuwa nagundua kila mara, na nilijua zile tano nazo zina umri ule ule.

Usiku mmoja mke wangu alinikuta nimekaa na daftari, nikamweleza yote, chipu na utomvu na swichi. Alisikiliza kwa subira ambayo sikuistahili. Kisha akaniuliza: "Mume wangu, ukipita njiani ukasikia mtu anapiga kimoja kati ya hivi, kipi kitakufanya urudi nyumbani kinyonge?"

Nilifungua kinywa kusema Juno. Haikutoka. Juno ningesimama niisikilize, hata ningefurahi. Twin pia. Kilichonibana koo ni besi, ile besi ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuitazama mara mbili. Na nilipoangalia nyuma, kazi zilizotulisha nyingi nilizifanya na besi. Wapiga solo wako wengi, kila bendi inatafuta mtu wa kukaa chini na kushika wimbo.

Nikatangaza Juno.

Aliyekuja ni kijana mpole, amebeba vipokea sauti vyake mwenyewe. Kabla hajagusa chochote nilimwambia, "Mdogo wangu, shika do moja, ibonyeze hiyo hiyo, usibadilishe." Akabonyeza. Akahesabu kwa midomo. Kwenye ya sita akasimama, akarudia mzunguko mzima, akaniangalia.

"Kumbe unajua, kaka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuonyesha."

Nilimweleza kwamba wapo mafundi wanaoziloweka chipu zile kwenye asetoni mpaka utomvu ubanduke, na kwamba zipo za kubadilishia zinazotengenezwa upya. Tukakubaliana bei, chini ya niliyotaka. Alipokuwa anakifunga kwenye blanketi nilimpa na kanyagio langu la kinanda, sijui kwa nini, hakuniomba.

Pesa ikapungua kidogo kufikia deni. Hapo Twin ikajihukumu yenyewe. Ampu ya wati 85, spika mbili za inchi 12, vali nne kubwa nyuma, zile chupa za kioo za kukuza umeme, zinazopasha chumba joto, uzito karibu kilo 29. Utamu wake unaanza pale unapoifungua sauti, na ukiifungua nyumbani majirani wanatoka nje. Nilikuwa nimeipiga kwa sauti ya kunong'ona karibu mwaka mzima. Walikuja watu wawili kuibeba, na walipoinyanyua mgongo wangu ulishukuru kabla yangu.

Kodi ililipwa. Mwenye nyumba akarudi kwenye simu.

Kilichobaki hakikutosha kununua nyuzi mpya za besi, na zile za zamani zilikuwa zimekufa, zinalia kama kamba. Kwa hiyo nilifanya wanachofanya wapiga besi wote wasio na pesa: nilizivua, nikazikunja, nikazitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka ili jasho na mafuta ya vidole yatoke. Mke wangu alipita jikoni, akafunua mfuniko, akachungulia.

"Na hiki chakula," akasema, "kinaiva saa ngapi?"