Chama cha historia mwambao wa Tanga: tulikosea kwenye katiba

Tulianza watu 12. Sheria ya vyama Tanzania hutambua chama kuanzia watu 10, na wawili wa akiba hawakosi kazi: yupo atakayehama, yupo atakayesusa. Maombi yalikwenda kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, yakiwa na katiba na muhtasari wa mkutano wa kuanzisha.

Hiyo katiba ndiyo iliyotusumbua. Tuliinakili kutoka chama cha kuzikana, ikaja na faini za kuchelewa na akidi ya nusu ya wanachama. Wanachama wametapakaa Pangani, Muheza na Tanga mjini. Masika yakianza, nusu haifiki. Tuliishusha akidi hadi theluthi moja. Pengo kubwa zaidi lilikuwa jingine: hakuna kifungu kilichosema picha na barua tunazokusanya ni mali ya nani.

Sasa kifungu kipo, na utaratibu unakifuata. Picha haitoki nyumbani kwa mwenyewe. Tunabeba skana na kompyuta, tunaskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) katika TIFF, faili la picha lisilopoteza ubora. Picha ndogo za pasipoti kwa 1200. Majina huandikwa kwa penseli laini kwenye bahasha, kabla picha haijatiwa ndani. Kalamu ya wino mgongoni mwa picha huacha mfuo unaoonekana mbele, tena usoni pa bibi harusi. Laminesheni, yaani kufunika picha kwa plastiki ya moto, tumeipiga marufuku: plastiki ile ikishagandishwa kwa joto haiondoleki tena, na unyevu uliofungiwa ndani huzaa ukungu.

Kurekodi wazee kunahitaji subira kuliko vifaa. Zima feni, maana kinasa sauti huikamata vizuri kuliko sauti ya mzee. Tunatumia WAV, faili la sauti lisilobanwa, kwa ubora wa 48 kHz, biti 24. Saa moja ya stirio hula karibu GB 1. Nakala ziwe tatu, moja ikae mji mwingine. Idhini huchukuliwa kwa karatasi na kwa sauti, na msemaji huchagua: wasikie wote, wasikie wanachama tu, au isisikike mpaka afariki. Akisema "mwaka ule wa njaa", usimsahihishe. Muulize, "Bibi, mtoto wako wa kwanza alikuwa anatambaa au anasoma? Ilikuwa kabla ya watu kuhamishiwa vijijini?" Ukipata 1974 ya kuhamishiwa vijijini upande mmoja na uhuru wa 1961 upande wa pili, mwaka wenyewe huanza kujitokeza.

Baadaye tuliingia kwenye majengo, na hapo wengi hukosea sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya kale kusini mwa Tanga mjini, yamo. Nyumba za enzi ya Wajerumani hazimo mpaka zitangazwe rasmi kuwa zinalindwa. Kwa hiyo barua ya kuomba jengo litangazwe hutangulia, ikiwa na picha za pande zote nne na vipimo vya kuta, kabla mwenye jengo hajaanza kung'oa milango.

Kifungu cha mwisho tulichoongeza kinahusu kuvunjika kwa chama: fedha hulipa madeni, na nakala za picha hurudi kwa kila familia.