Picha Aliyoibeba Mae

Jana usiku binti yangu alinijia akiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni. "Mama, unajua Valentina hakuwa na mswaki?"

Wiki nzima anamwita hivyo tu, Valentina, kana kwamba ni jirani wa mlango wa pili. Ni Valentina Tereshkova, msichana wa kiwanda cha nguo aliyependa kuruka kwa parachuti, ambaye Juni 1963 alikwenda angani peke yake ndani ya chombo cha Vostok 6 akaizunguka Dunia mara 48. Dawa ya meno alikuwa nayo; mswaki haukuwamo. Binti yangu kaandika orodha ya vitu atakavyobeba siku yake ikifika, na mswaki ndio wa kwanza.

"Na wewe ungebeba nini?"

Nikamwambia akasukutue kwanza. Nilitaka ageuke asinione machozi.

Bibi aliwahi kuuliza karibu hilohilo. Hakujua kusoma, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mkononi nina ukurasa uliochanwa gazetini: mwanamke mwenye vazi la rangi ya chungwa, anatabasamu. Mae Jemison. Nikasoma mbio mbio kama kawaida yangu: ni daktari, kawahi kufanya kazi Sierra Leone na Liberia, Septemba 12, 1992 kapaa na chombo cha angani Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, kakaa huko karibu siku nane.

Bibi akainua mkono. "Taratibu. Alibeba nini?"

Nikarudi kwenye maandishi, natembeza kidole. Alibeba sanamu ya chama cha wanawake wa Sierra Leone. Alibeba picha ya Bessie Coleman.

"Ni nani huyo?"

"Rubani, bibi. Shule za urubani za kwao Marekani zilimkataa. Akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata leseni mwaka 1921."

"Yu hai?"

"Hapana, bibi. Alianguka kutoka kwenye ndege mwaka 1926, akafa."

Bibi akauchukua ule ukurasa. Akaweka kidole gumba, chenye ukucha uliopasuka katikati, juu ya shavu la Mae, akalisugua polepole kama alivyokuwa akinifuta tongotongo asubuhi. Karatasi ikawa inatoa sauti ndogo, kwaru, kwaru. Nikaogopa itachanika, lakini sikuthubutu kusema.

"Kwa hiyo aliyeanguka kapandishwa," akasema. Kisha: "Soma tena hapo."

Nilisoma mara nne. Mara ya nne midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yangu. Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Ukienda, mjukuu wangu..."

Hakumalizia. Aliitwa nje, akainuka akaenda.

Sikwenda. Nilisomea mambo mengine, bibi akafariki, ile karatasi ikakatika kwenye mikunjo hadi ikabaki vipande. Lakini sentensi ile sijaimaliza hadi leo. Kuna siku naisikia kama amri, na kuna siku naisikia kama ombi: ukienda, nibebe.

Vitabu vingi vya watoto vinavyowasimulia wanawake hawa hukazania neno "wa kwanza", na naelewa kwa nini. Ila binti yangu kakamatwa na mswaki, na bibi alikamatwa na picha. Nadhani mtoto huingia kwenye chombo kile kupitia kitu ambacho hata yeye angeweza kukishika.

Asubuhi hii nimeikuta orodha mezani. Mswaki. Penseli. Soksi. Chini kabisa kaandika "Mama atabeba:" akaacha nafasi.

Nimeshika kalamu muda mrefu. Picha ya bibi ninayo moja tu, na ndani yake ameinama, anafunga kamba ya kiatu changu.