Masikio Yalichelewa Kufika

Puerto Serrano, kusini mwa Hispania, Alhamisi usiku

Mapaja yanawaka moto, kiganja cha kushoto kimechubuka, na nimekula sahani mbili za dengu bila aibu mbele ya watu. Naandika upesi kabla usingizi haujanizidi nguvu. Kesho nina kilomita zilezile za kurudi, na safari hii ni za kupanda.

Leo nimetoka Olvera hadi hapa kwa baiskeli, kilomita 36, na kabla ya kuingia mjini sikupitwa na gari hata moja. Si kwamba yalikuwa machache. Hayaruhusiwi. Njia yenyewe wanaiita Vía Verde de la Sierra, njia ya kijani ya milimani, nayo ni ya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye farasi. Nilichagua siku ya kazi makusudi, maana wikiendi watu hujaa na watoto wao. Leo nimehesabu watu kumi na mmoja. Mbuzi sikuwahesabu.

Olvera ni mji mweupe uliopanda juu ya kilima hadi kilima kikaisha, na pale kileleni kanisa na ngome ya enzi za Waislamu vimesimama bega kwa bega kama majirani wasiosemeshana. Asubuhi nilikunywa kahawa ya maziwa na mkate wa kuchoma, nyanya ya kusaga juu, mafuta ya zeituni juu ya nyanya. Mafuta hapa hawapimi kwa kijiko, wanamwaga kama sisi tunavyomwaga tui la nazi. Zeituni kwa Kihispania ni aceituna. Siku ya kwanza kulisikia neno hilo nilicheka peke yangu dukani: Waarabu waliwaachia hawa neno lilelile walilotuletea sisi pwani, tofauti ni kwamba wao na miti wanayo.

Na miti ipo! Kutoka kituo cha zamani cha Olvera, mizeituni imepangwa kwa mistari mpaka macho yanachoka, udongo chini yake mweupe kama unga wa muhogo. Hewa nzuri, anga safi, njia inateremka taratibu. Na mimi kila baada ya dakika moja nageuka kutazama nyuma.

Hili ndilo nililotaka kuliandika, mengine ni mapambo.

Mimi nimejifunzia baiskeli Tanga. Mji wetu unasifika kwa baiskeli, na mitaani Ngamiani unaweza kujidai utakavyo. Lakini ukishika barabara ya kwenda Pongwe na Muheza, ukajikuta katikati ya malori na mabasi, sikio ndilo linalokuwa kioo chako cha pembeni. Bila kugeuka unajua hili ni Fuso limebeba, hili ni basi, hii ni bodaboda, na unajua ni sekunde ngapi zimebaki kabla hujaiacha lami na kushuka kwenye changarawe. Baba alikuwa akiniambia: honi ya kwanza salamu, ya pili onyo, ya tatu usiingoje. Nimeondoka Tanga miaka mingi, hapa Hispania nimeendesha mjini kwenye njia zilizochorwa rangi, na sikuwahi kujua kwamba sikio langu halijawahi kupumzika hata siku moja. Nimelijua leo, pale ambapo halikuwa na kazi.

Upepo ukivuma kwenye mizeituni, nageuka. Jani kavu likiburuzika, nageuka. Kilomita kama kumi nimeenda hivyo, shingo inauma, nimebana ukingo wa kulia wa njia ambayo ni yangu yote.

Halafu mahandaki. Njia hii ina mahandaki 30, refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Unatoka kwenye jua unaingia ubaridi wa ghafla, matone yanadondoka kutoka darini, taa zinawaka unapokaribia. Katika moja hazikuwaka. Nilikuwa na taa yangu, hafifu, ya kuazima, nikasema nitaenda polepole. Katikati ya giza nikasikia kishindo nyuma yangu, kama basi limeingia handakini, chuma kinagonga chuma na mwangwi unakizidisha. Akili ilijua hakuna basi. Mwili haukungoja maelezo. Nilijirusha ukutani na baiskeli yangu, kiganja kikasuguliwa na mwamba. Likatokea hilo basi: mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, baiskeli kuukuu, madigadi ya nyuma imelegea inapiga tairi kwa kila mzunguko. "¡Buenas!" akasema, akapita, kishindo chake kikaenda naye hadi kwenye tundu la mwanga. Nilikaa chini gizani nikacheka mpaka machozi.

Kwa nini kuna mahandaki mengi hivi? Kwa sababu hii ilikusudiwa kuwa reli. Baiskeli inaweza kupanda kilima kwa kuhema, mbuzi kwa kuruka, lakini treni haiwezi mwinuko mkali, hivyo mlima ukikatiza lazima utobolewe na bonde likikatiza lazima liwekewe daraja. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Jenerali Primo de Rivera, mwenyeji wa mji wa Jerez, walianza kuijenga kutoka Jerez kwenda Almargen. Walichimba, wakajenga madaraja marefu na majengo ya vituo. Utawala ukaanguka 1930, 1936 ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, na mradi ukabaki hivyo. Hakuna treni iliyowahi kupita. Tangu 1993 Hispania imekuwa ikizigeuza reli za namna hii kuwa njia za kutembea na baiskeli, na leo zinapita kilomita 3,000 nchi nzima. Nyingi ni za treni zilizokufa. Hii ni ya treni ambayo haikuzaliwa.

Mchana nilisimama kwenye kituo cha Zaframagón, nikatoa mkate na jibini. Mbele ya kituo limesimama jabali kubwa la mawe ya chokaa, Peñón de Zaframagón, na humo kwenye mianya yake wanazaliana tumbusi, mojawapo ya makundi makubwa ya ndege hao upande huu wa Ulaya. Kwetu tumbusi hana jina zuri, ni ndege wa machinjioni. Hapa jabali lao ni hifadhi, na kituo cha treni isiyokuja ndicho kimekuwa mahali pa kuwasomea habari zao. Nililala chali kwenye nyasi. Mmoja akapita chini chini akizunguka, mabawa yametanda kuliko urefu wa mlango wa nyumba, na nikasikia hewa ikipita kwenye manyoya yake. Sauti kama kanga mpya ikikung'utwa mbali. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kwa muda, sijui tangu lini, nilikuwa nimeacha kugeuka.

Nikampigia Baba. Alifanya kazi karakana ya reli ujana wake wote, nikajua atapenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona kimya hivyo, uko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza mteja muongo.

"Mahandaki mangapi?"

"Thelathini, Baba."

"Na treni hata ya mizigo haikupita?"

"Hata kiberenge, nadhani."

Akanyamaza. Nikajua anaifikiria reli yetu ya kwenda Moshi, ilivyolala miaka nyasi zikiota kati ya mataluma hadi treni ziliporudi 2019. "Sasa," akasema mwishowe, "mishahara ililipwa?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Lakini nilipoendelea, kila nilipopita juu ya daraja au kuona alama za sululu kwenye ukuta wa handaki, niliwafikiria hao wachimbaji kuliko nilivyomfikiria jenerali.

Baada ya hapo njia ilikuwa yangu kweli. Nilipita katikati. Nilipita upande wa kushoto kwa makusudi, kama mtoto. Nilisikia mnyororo wangu unaomba mafuta, nikasikia kengele za mbuzi kabla sijawaona, mto chini bondeni, na tumbo langu. Kwenye kituo cha Coripe nilijaza maji nikaondoka. Karibu na mwisho nikakuta mimea ya agave imejipanga kwenye ukingo wa shamba, majani kama mapanga, nikasimama kuigusa ncha. Si mkonge wetu hasa ila ni ndugu yake wa damu, wote asili yao Mexico. Mtu wa Tanga hapiti mkonge bila kusalimia.

Kutoka kituo cha Puerto Serrano hadi kwenye chumba nilicholipia kuna kipande kifupi cha barabara ya kawaida. Hapa sheria inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli mita 1.5 anapompita, na wengi wanatii. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nawaza dengu. Gari dogo likaja nyuma, likapunguza mwendo, likakaa huko nyuma kwa adabu likisubiri kona iishe, kisha likapita upande wa mbali kabisa, na dereva akatoa mkono dirishani kunipungia.

Alipunga kwa mtu aliyekuwa tayari amesimama kwenye changarawe, mguu mmoja chini.