Peni yangu

Jana usiku binti yangu kaja na daftari la Uraia na Maadili, kaniuliza swali moja tu. Baba, kama Mzee Mwinyi hakuua mtu, kwa nini alijiuzulu?

Nikamjibu kama wanavyojibu wazazi wote, kwamba 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu wakafia mikononi mwa polisi kule Mwanza na Shinyanga, yeye hakumgusa hata mmoja ila ndio wizara yake, akaandika barua akakaa pembeni. Hiyo inaitwa kuwajibika, mama, andika hivyo. Akaandika. Halafu akauliza, sasa mahakamani walimpa kosa gani? Nikamwambia hakupelekwa mahakamani. Kaniangalia kama namdanganya. Nikatoka nje nikasingizia naenda kufunga geti.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnaikumbuka ile pikipiki yangu nyekundu ya 2014. Nilichowahi kuwasimulia ni kwamba ilipata ajali nikaiuza, basi.

Jumatatu moja enzi hizo, dogo aliyekuwa ananiendeshea hiyo pikipiki bodaboda aliniletea hesabu, elfu saba kama kawaida, akaniambia bosi breki ya mbele imekufa, nakanyaga ya nyuma tu na yenyewe inashika kwa kubembeleza. Nikamwambia vumilia mpaka Jumamosi, nina ada. Ada ilikuwepo kweli, sidanganyi, lakini na elfu kumi na tano ya fundi ilikuwepo vilevile. Alhamisi asubuhi, pale kwenye mteremko, akamgonga mama mmoja anauza vitumbua. Mguu ukavunjika mara mbili.

Nikaitwa kituoni nipeleke kadi ya pikipiki. Dogo kakaa chini kwenye sakafu nyuma ya kaunta, hana viatu, hana mkanda, suruali kaishika kwa mkono mmoja, ukucha wa dole gumba umeng'oka na hakuna aliyemfuta damu. Afande anatafuta kitu cha kuandikia, anafungua droo, anapapasa mifuko, anamuita mwenzake, hola. Mimi nikachomoa peni yangu mfukoni nikampa. Sijui kwa nini nilikimbilia vile, labda nilitaka nionekane mtu wa msaada.

Afande akamuuliza, ilikuwaje? Dogo akaniangalia. Si kwa hasira, wala hakuwa ananiomba kitu, yaani alinitazama tu kama mtu anayesoma bango. Nikaona sasa anasema, na nikaanza kutafuta maneno kichwani, kwamba hakuniambia, au aliniambia ila nilijua ni kidogo. Akasema, nilikuwa mwendo kasi afande. Afande akaandika kwa peni yangu. Mwendo kasi! Dogo ambaye abiria walikuwa wanamkimbia kwa uzembe wa kutembea kama anabeba mayai.

Mimi nikafanya nini? Nikakohoa. Afande akanirudishia peni, akasema mwenye chombo asante, wewe nenda, huna kosa.

Huna kosa! Nimelibeba hilo neno mpaka nyumbani kama risiti.

Baadaye sana jamaa mmoja anayesomea sheria aliniambia tukiwa kwenye kahawa, wala hakujua namuulizia nani, kwamba mwenye chombo akiruhusu kibovu kiingie barabarani naye anaweza kushtakiwa, ila ithibitike alijua. Sasa waliojua ni wawili, na mmoja alishasema mwendo kasi.

Mahakamani akakiri, faini au jela. Faini nikalipa mimi, na mtaani nikasifiwa wiki nzima, bosi mwenye utu, wachache wako hivi. Ambacho mtaa haukujua ni kwamba hesabu ilitoka elfu saba ikawa elfu tisa mpaka deni likaisha. Naandika hapa kwa mara ya kwanza na mke wangu anasoma hizi, basi na yeye ajue leo. Yule mama nilimpelekea mchele kilo kumi na sabuni, akanishukuru mpaka nikatamani anitukane.

Mwaka jana nimeshuka stendi usiku, mvua, natafuta boda, mmoja akapiga honi. Ni yeye, kanenepa, ana pikipiki yake mwenyewe. Panda bosi. Halafu akaibinya breki ya mkono mara mbili, taratibu, akacheka, ipo hii. Sikuelewa kama ni utani au ananisema. Nikapanda, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake pale kwenye usukani. Nilipofika nikamtolea nauli akakataa, acha tu bosi, sisi tulishamalizana.

Tulimalizana lini, sikumuuliza. Nikamwambia asante, nikaingia ndani.

Binti kaacha nafasi kwenye daftari chini ya lile swali. Anakusanya kesho.