Yuniti arobaini

Nimekuwa nesi kwa miaka 11, na jambo hili nimewasimulia watu watatu tu. Lilitokea mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, wodi ya wanawake.

Kwenye faili daktari aliandika insulini, "4U", yaani yuniti nne, kabla ya chakula cha jioni. Ile U ilikuwa ya haraka haraka, ncha zake mbili zimekaribia kukutana juu. Mimi nikasoma 40. Mwenzangu wa kuhakiki kipimo alikuwa kitanda cha mwisho na mgonjwa anayetapika damu, lakini sitaki kujificha nyuma ya hayo. Kanuni ilikuwa kwamba insulini haichomwi mpaka watu wawili waione sindano. Nilikuwa naijua. Nikachoma.

Kwa asiyewahi kuishika: sindano ya insulini ya mililita moja ina yuniti 100. Yuniti 4 hazifiki hata tone moja. Yuniti 40 ni karibu nusu ya bomba. Kidole gumba changu ndicho kilichokumbuka kabla ya kichwa. Kama nusu saa baadaye, nasukuma toroli ya dawa, nikahisi upya jinsi kilivyosukuma, na kusukuma, na kusukuma. Nikarudi kwenye faili, nikalisogeza chini ya taa. Haikuwa sifuri.

Sasa hapa ndipo sipendi kupasimulia. Yule mama alikuwa na miaka 71, kisukari cha muda mrefu, na mlo wake ulikuwa wa kudonoa. Mgonjwa kama huyo sukari ikimshuka usiku, hakuna anayeshangaa. Ningeweza kusubiri aanze kutokwa jasho, nikimbie na glukosi, na asubuhi nipongezwe kwa kuwa macho. Chupa ya insulini haisemi nani kavuta ngapi. Nilisimama pale na faili mkononi nikiyapiga mahesabu hayo. Ningependa kusema ilikuwa sekunde moja. Haikuwa moja. Na insulini ya aina ile huanza kazi ndani ya nusu saa, ikapamba moto kati ya saa ya pili na ya nne, kwa hiyo muda niliokuwa nautumia kujiokoa ulikuwa wake. Kusoma vibaya nimeshajisamehe. Kusimama pale bado.

Nikampigia daktari, nikamwambia kama lilivyo. Tukamtundikia dripu ya glukosi, tukawa tunapima sukari kila robo saa. Ilishuka mpaka 2.3, na chini ya 4 tayari ni hatari. Shuka likaloa jasho, mikono ikamtetemeka, akawa ananiita jina la mtu mwingine, nadhani ndugu yake. Nilimwitikia. Kufikia saa nane usiku ilikuwa imepanda na kutulia, naye akawa ananitazama kwa macho ya mtu anayejua yuko wapi.

Utaratibu ulikuwa aelezwe asubuhi na daktari pamoja na nesi kiongozi. Sikuweza kusubiri.

"Mama, jioni nilikuchoma insulini mara kumi ya uliyoandikiwa. Ni mimi."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. "Mara kumi," akarudia, kama anayekagua daftari. "Uliruka nukta?"

"Hapana. Nilisoma herufi nikadhani sifuri."

Akanyamaza. Nilijiandaa kwa kelele, na nadhani nilizitaka.

"Sindano inayofuata anachoma nani?"

"Mwingine, mama. Mimi sidhani kama watanirudisha kwako."

"Utachoma wewe," akasema. "Kuanzia leo humu ndani hakuna atakayekuwa makini kukushinda."

Akageukia ukutani, akalala. Mimi nikaenda stoo ya mashuka nikalia.

Wenzangu walinipa udhuru mzuri: mwandiko wa daktari. Ni udhuru wa kweli. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Joint Commission, chombo cha Marekani kinachokagua hospitali, kiliiweka U hiyo kwenye orodha yake ya vifupisho visivyoruhusiwa mwaka 2004, kwa sababu hiyo hiyo ya kusomwa kama sifuri au nne. Nimegombana na madaktari wangapi ili waandike "yuniti" kwa kirefu, sijui. Lakini udhuru haukunipa usingizi hata usiku mmoja. Mwalimu hakunipa udhuru. Hakusema si kosa lako, hakusema usijali. Alisema, kwa namna yake, kosa ni lako, na tumbo langu hili hapa.

Barua ya onyo nilipewa, na niliistahili. Kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kuchoma insulini bila msimamizi. Mtoto wake wa kiume hakunisalimia tena mpaka walipotoka hospitali. Akiingia, mimi nikipita, alikuwa anatazama dirisha. Sikumlaumu. Mama yake kuniachia hakukumlazimu yeye.

Insulini ilisitishwa kwanza. Siku ya tatu alfajiri daktari akairudisha, na nesi kiongozi akaniita kwa uso usiosomeka: mgonjwa amekataa kuchomwa na mtu mwingine. Tukaenda wote wawili. Mwalimu alikuwa ameshakaa kitako, miwani usoni. Nikavuta dawa, mkono unatetemeka kuliko wake usiku ule. Akanyoosha kiganja, nikamwekea sindano, akaiinua kwenye mwanga wa taa.

"Soma."

"Nne."

"Nne nini?"

"Yuniti nne, mama."

Akanirudishia, akapandisha gauni. Nikachoma. Hakukunja uso. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shuka, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

"Macho yako mekundu," akasema. "Zamu ikiisha nenda moja kwa moja kalale."