Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa ukumbi, London

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaamka. Saa nahesabu za kwetu hata huku London. Mke wangu amechoka kunisahihisha.

Saa tatu asubuhi nipo kazini, Victoria and Albert Museum, makumbusho ya sanaa za mapambo yaliyoanzishwa 1852. Nalinda kumbi za China na Japani. Kabla wageni hawajaingia nakagua makabati ya vioo: kufuli, nyufa, vumbi.

Saa nne milango wazi. Watoto wa shule mbio kwenye mavazi ya vita ya samurai, askari wa Japani ya zamani.

Mimi hupenda kusimama karibu na meza nyekundu ya enzi ya mfalme Xuande wa China (1426–1435). Wekundu ule si rangi ya kupaka tu. Ni utomvu wa mti, umepakwa tabaka baada ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke, ndipo wakachonga. Majoka yake yalikuwa na kucha tano mguuni, alama ya mfalme. Baadaye mtu akakwangua ukucha mmoja kila mguu. Nawaambia wageni wahesabu. Wakishahesabu hawaondoki upesi.

Saa saba, wali wa jana.

Saa nane, upande wa Japani. "Mbona giza hivi?" Swali la kila siku. Sanduku la Mazarin, lililotengenezwa Kyoto yapata 1640, limepambwa kwa unga wa dhahabu na fedha juu ya utomvu kama ule ule, na mwanga ndio adui wake. Ukishapauka, umepauka.

Saa tisa nikapangiwa juu, kwenye kauri, yaani vyombo vya udongo wa kuchoma. Bibi mmoja akauliza zile za China zilianza lini kuja Ulaya kwa wingi. Baada ya Wareno kuizunguka Afrika, nikamjibu. Kisha nikashindwa kujizuia: kabla ya hapo, Kilwa watu walikuwa tayari na bakuli za China. Mimi nimekulia Kunduchi, penye makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani hizo. Utotoni tulikuwa tukitia vidole kwenye mashimo ya zile zilizong'olewa. Leo nalipwa kuwaambia watu wasiguse! Bibi alicheka kuliko nilivyotarajia.

Saa kumi na mbili kasorobo tunafunga. Kwenye kioo cha meza nyekundu zimebaki alama za vidole vidogo, pale pale penye kucha za joka. Nimeandika kwenye daftari la wasafishaji.